Wambeti Wawili wa kwa Njuki

Tangu saa nne kompyuta ya zahanati ilikuwa ikimkatalia Gachoki, mtunza kumbukumbu. Kila alipojaribu kuiendesha programu aliyoiandika kwa lugha ya Haskell, ilikwama palepale: mstari wa arobaini, aina za data hazipatani, palitakiwa jozi ya jina na mwaka wa kuzaliwa, pameletwa jina tupu.

Programu ilitunza ramani ya wodi, yaani orodha ambamo jina lilikuwa ufunguo wa kupatia dozi ya mgonjwa. Ramani hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya programu, yaani kumbukumbu yake, ikipokezwa kutoka hatua hadi hatua. Asubuhi alisikia kwamba wodini kuna Wambeti wawili wa kwa Njuki, bibi na mjukuu aliyepewa jina lake, wote wana malaria. Ndipo akauongezea ufunguo mwaka. Mahali pamoja palimponyoka.

Akautazama mstari wenyewe. Ulikuwa ule wa kuandika dozi mpya: weka dozi penye jina. Jina tu.

Leo mashine imelikataa kosa hilo. Jana, jina lilipokuwa ufunguo mzima, lilipita kimya. Mtoto aliandikishwa kwanza, kisha bibi, na dozi ya bibi ikafuta ya mtoto. Na karatasi ya dozi ilichapwa jana.

Alikimbia, viatu vikiteleza kwenye saruji iliyotoka kupigwa deki.

Wanjugu, msaidizi mgeni wa wodi, alikuwa ameinama juu ya mtoto na kijiko cha kwinini iliyopondwa.

"Amemeza?" Gachoki aliuliza.

"Angemeza ningekuwa bado nimeinama hapa?"

"Ni kichwa ngumu," bibi akasema kutoka kitanda cha pili. "Alichukua jina langu na tabia zangu zote."

"Usimpe," Gachoki akamwambia Wanjugu. "Hivyo vidonge viwili ni vya nyanya yake. Yeye ni nusu."

"Karatasi inasema Wambeti, viwili."

"Karatasi ni yangu, na imekosea."

Wanjugu akakiweka kijiko chini polepole. Akajifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

Gachoki alirudi akaongeza mwaka kwenye mstari wa arobaini. Mashine ikakubali. Alichapa karatasi mpya, akaipeleka mwenyewe, akasimama kati ya vile vitanda viwili mpaka kila Wambeti akameza ya kwake.