Seli Zilikuwa Hai

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, chini ya jedwali la nne la rasimu ya makala: "Vipimo vya ndani ya seli viliondolewa kwa kuwa seli zilikuwa zimekufa." Fundi wa hadubini aliusoma akiwa amesimama. Akaurudia, kisha akavuta stuli akakaa.

Zimekufa? Yeye ndiye aliyezilea. Wiki tano nzima alifika maabara kabla hata mfagiaji hajafungua madirisha, akazibadilishia maji ya chakula, akazirudisha kwenye kabati la joto, akazikagua sahani moja baada ya nyingine. Ni sawa na kumwambia mama kwamba wanawe hawapo duniani, naye anawasikia wanagombana uani.

Aliyeuandika mstari ule alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Watu wote pale walimwita Daktari, na maabara ilikuwa chini yake. Fundi alikuwa amempita miaka tisa. Mama yao alipoanguka kitandani, mkubwa ndiye aliyeacha masomo akabaki kumuuguza, mdogo akaendelea. Hilo Fundi hakuwahi kumsimanga nalo. Siku alipoajiriwa pale alisema, "Kazini wewe ni Daktari," na tangu siku hiyo hakuteleza hata mara moja.

Walikuwa wakifuatilia mnyororo mmoja mrefu wa protini, mlegevu, usiotulia kwenye umbo lolote. Ncha yake moja waliitia rangi inayong'aa kijani, ya pili nyekundu. Ncha zikisogeleana, mwanga huwa mwekundu. Zikiachana, huwa wa kijani. Sasa, ndani ya seli hamna nafasi ya kupumua, molekuli zimebanana bega kwa bega. Daktari alikuwa ameshatangaza kwenye mikutano mitatu kwamba msongamano huo huukunja mnyororo, na hakuna zaidi. Na kwenye mirija ya kioo ilikuwa kweli: Fundi alipoongeza sukari yenye molekuli kubwa, ambayo haishikani na mnyororo bali huubana tu, mwanga ulizidi kuwa mwekundu.

Ndani ya seli, hata kidogo. Mwanga ulibaki kijani, tena kijani kuliko kwenye maji matupu. Fundi alirudia mara kumi na nane. Majirani wa mle hawakuwa wakisukuma tu. Walikuwa wakinata kwenye mnyororo huku na huku, wakiuvuta, nao ukanyooka. Yeye aliona hiyo ndiyo habari kubwa ya kazi yote. Mdogo wake aliona mwiba.

Akaenda ofisini na karatasi mkononi.

"Daktari, nieleze huu mstari."

"Upi?" Macho hayakutoka kwenye kompyuta.

"Wa maiti."

"Dada, usinianze leo. Seli hai haziwezi kutoa mwanga wa namna ile."

"Ulizitazama?"

"Sina haja. Najua mnyororo unavyofanya kwenye msongamano."

"Kwa hiyo mnyororo ukifanya vingine, seli ndizo zimekufa."

"Kazi yako ni kupima. Kueleza niachie mimi."

Damu ilimchemka Fundi mpaka masikio yakaziba. Alitoka akiuvuta mlango kwa nguvu zake zote, lakini ulikuwa wa aina ile ya springi, ukajifunga polepole, kwa adabu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Kesho yake ilikuwa siku ya kikao. Watu tisa walipoingia waliikuta hadubini juu ya toroli, imeunganishwa na skrini ya ukutani.

"Hii hapa ni rangi ya buluu," Fundi alisema. "Seli hai inaikataa. Iliyokufa inalowa yote." Akaweka sahani ya seli alizoziua mwenyewe kwa spiriti. Skrini ikajaa buluu. Kisha akaweka sahani ya pili, ya kundi lile lile lililopimwa. Seli zilikuwa nyeupe, zimetuna, safi. Pembeni kabisa kulikuwa na moja ya buluu.

"Hiyo moja imekufa. Mkitaka, iandikeni."

Mtu alicheka, akajikohoza. Fundi akabadilisha taa, seli zikawaka.

"Kijani," alisema mwanafunzi waliyemwita Miwani. "Kijani kabisa."

"Umemaliza?" Daktari aliuliza.

"Bado. Andika kwamba huyaamini matokeo. Andika kwamba huyaelewi, hakuna atakayekucheka. Lakini usiniandikie kwamba nililea maiti wiki tano."

Daktari akawaomba wengine watoke. Walipobaki wawili alisema, "Umeniaibisha mbele ya wanafunzi wangu."

"Jana tulikuwa wawili. Hukunisikia."

"Ungenipa muda."

"Umeshaituma makala?"

Mdogo mtu akainamia meza. Alikuwa ameituma jana hiyo hiyo, jioni. Fundi alisimama pale pale mpaka Daktari alipofungua kompyuta na kuwaandikia wahariri wa jarida kwamba anaiondoa, kuna kosa, na kosa ni lake.

Wiki tatu baadaye Daktari alimletea rasimu mpya mwenyewe, mpaka kwenye meza yake. Vipimo vyote kumi na vinane vilikuwamo, na hoja ya kuvutwa na majirani ilikuwa imeelezwa vizuri kuliko Fundi alivyowahi kuieleza. Jina la Fundi lilikuwa la pili kati ya waandishi. Fundi alisoma ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha tarakimu mbili, akairudisha.

"Nisamehe, dada."

"Imeandikwa vizuri."

"Bado umenuna?"

"Kununa ni kwa watoto. Mimi nimekasirika."

"Mpaka lini?"

"Sijui," Fundi alisema, akavuta sahani za siku hiyo. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."