Gunia la Mama Mkwe

Watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa ghala la ushirika, kila mmoja na gunia lake la mahindi. Na wa kwanza kwenye foleni, bahati mbaya iliyoje, alikuwa mama mkwe wa mkaguzi mwenyewe.

Mkaguzi akachota punje. Kazi yake ni nyepesi tu: unatia punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Akatikisa. Ikanata.

"Samahani, mama. Hayajakauka. Siwezi kuyapokea."

Lo! Huyu ndiye aliyeanzisha ushirika wenyewe, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu waachane na walanguzi. Leo anarudishwa, tena na mke wa mwanawe!

"Mimi nalima wewe hujazaliwa," akafoka mama mkwe. "Ukinirudisha mbele za watu, usiniletee nyumbani shikamoo yako."

Yalimuuma mkaguzi, tena sana. Nyumba moja, jiko moja. Uso atauficha wapi? Lakini msimu uliopita gunia moja bichi liliozesha ghala zima. Shule iliyokuwa ikinunua unga wao ikawakimbia, na ndiyo kwanza imekubali kuwajaribu tena. Wakiharibu safari hii, basi tena.

"Hata usipoiitikia shikamoo yangu, mama, hayaingii." Mlangoni hakubanduka.

Shemeji yake, mwenyekiti wa ushirika, akamsogelea. "Shemeji, usimwaibishe mama. Tuyachanganye tu na ya wenzake. Nani atajua?"

Mama mkwe akamsikia.

"Nani atajua? Si ndivyo alivyosema huyo aliyetuozeshea ghala? Msimu mzima namlaani, leo niwe yeye? Hebu nitokee hapa! Beba gunia, ulete na turubai!"

Mwenyekiti mzima akajitwika gunia la mama yake, watu wakimcheka waziwazi. Kule nyuma ya foleni, wawili watatu wakaanza kufunga magunia yao kimyakimya na kuondoka kabla ya kupimwa.

Foleni ilipokwisha, mkaguzi akaenda kumsaidia mama mkwe kuyageuza mahindi juani. Waliinama pamoja juu ya turubai moja.

"Na kesho yakiwa bado?" akauliza mama mkwe bila kuinua uso.

"Nitayarudisha, mama."

"Ole wako usipoyarudisha."