Mafua ya Daktari

Mwanamke mzee alibisha hodi Jumapili asubuhi, jogoo kwapani, na Daktari Bujiku, aliyemfungulia mlango wa nyumba yake, hakumjua. "Mwangaluka, baba," alisalimu kwa Kisukuma, kisha akaeleza kuwa anaitwa Milembe, ametoka Ngulyati, na amekuja kumshukuru daktari aliyempokea mjukuu wake alipozaliwa hospitalini. Nyuma yake alisimama mkwewe, Nyamizi, na kichanga ndani ya blanketi.

"Ila huyu mama yake," Milembe aliongeza, "kamwogesha kwenye upepo, sasa mtoto anakohoa. Angekuwa ndama wa zizi la kwao, angemfunika."

Bujiku alifunua blanketi. Pua za mtoto zilikuwa zinatanuka, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Jogoo aliachwa uani, wakakimbilia wodini.

Muuguzi alipokuwa akimwekea mtoto oksijeni, Bujiku alijua anachokiona. Ni virusi vya RSV. Kwa mtu mzima ni mafua tu. Kwa kichanga huziba vijia vya hewa. Chuoni alivisoma harakaharaka, akidhani ni habari za nchi za baridi. Na siku Nyamizi alipojifungua, siku chache tu kabla, Bujiku mwenyewe alikuwa na mafua. Wenzake walimsifu kwa kutokosa kazi. Alimbeba mtoto barakoa ikiwa kidevuni, akamwimbia karibu kabisa na uso, na akina mama wakacheka kwa furaha.

Hakuna kipimo ambacho kingethibitisha kuwa mafua yake ndiyo yaliyomfikia mtoto. Lakini uso ulimwaka kwa aibu.

Nyamizi alikuwa anakamua maziwa ya kupitishwa kwenye mpira wa puani, machozi yakimdondoka. Aliuliza kama kweli ni yale maji ya kuogea yaliyomletea mtoto ugonjwa. Bujiku akamweleza kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa huu hauletwi na maji wala upepo. Huletwa na mtu mwenye mafua, na huenda mtu huyo ni yeye, daktari.

Nyamizi alifuta machozi. "Nikimwambia mimi, mama mkwe ataniona mwongo. Utamwambia wewe?"

"Nitamwambia, mtoto akipata nafuu."

Mtoto akapata nafuu, akaanza kunyonya. Bujiku akajikuta akipita mbali na kitanda chao, akitamani ahadi ile isahaulike. Nyamizi hakumkumbusha hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi.

Asubuhi ya kuruhusiwa, Milembe alikuwa anawasimulia watu kwenye benchi jinsi daktari kijana alivyomwokoa mjukuu wake kutoka kwa mama mzembe. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akipita, alisikia, akamwekea Bujiku mkono begani kumpongeza.

Bujiku angeweza kumwita Milembe pembeni. Lakini Nyamizi alilaumiwa mbele ya watu.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "Nyamizi hana kosa. Nilimbeba mtoto nikiwa na mafua, bila kujifunika. Nadhani mimi ndiye niliyemwambukiza."

Mkono wa mfawidhi ukatoka begani. Mtu mmoja akaguna. Milembe alimgeuzia daktari mgongo. Alisogea kwenye benchi, akampa mkwewe nafasi ya kukaa.