Bunduki Yenye Waume Watatu

Usiku wa jana niliota nimesimama tena kwenye gwaride, na miaka yangu hii hamsini na minne, kitambi mbele, na hakuna aliyeshangaa. Vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa bado vinapiganwa. Mshahara ulikuwa haujafika kwa miezi saba, na bunduki moja tuliitumia watu watatu.

Kuruta yeyote hufundishwa kwamba bunduki ni mke wako. Kwa hiyo yangu ilikuwa imevaa kitenge.

"Nina waume watatu," ikaniambia, "na hakuna hata mmoja anayeleta risasi nyumbani. Nyinyi ni wanaume gani?"

"Nivumilie, mama. Tumemtuma Koplo Sumaili akaulize."

Sumaili alikuwa rafiki yangu. Kambi nzima tulikuwa tumeapa kwamba hatuendi mstari wa mbele mpaka tulipwe na kila mtu apewe silaha yake. Yeye alikuwa na mdomo, sisi tulikuwa na woga, basi tukamsukuma yeye.

Mara gwaride ni ofisi ya meja. Meja amekaa juu ya meza, anasoma taarifa aliyoiandika mwenyewe.

"Hapa imeandikwa kila askari ana risasi mia na ameshiba," anasema. "Anayedai ana njaa ni muasi. Mpigeni risasi."

Sumaili anafungwa kwenye mlingoti wa bendera, miguu peku. Ananitazama mimi peke yangu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

"Lenga!" anasema meja.

"Sitaki," inasema bunduki.

"Amri ni amri!"

"Afande, mimi ni mke wa watu. Huyo mliyemfunga ni mume wangu wa pili. Nikimuua, eda nikakae kwako?"

Meja anainyakua na kufyatua mwenyewe. Kinatoka kikaratasi chenye muhuri, kinapepea, kinatua kifuani kwa Sumaili. Anainamisha shingo na kukisoma.

"Kumbe nimeshiba," anasema. "Kaka Amuri, mimi nina njaa."

"Twende nyumbani," namwambia, na namfungua. Kulikuwa na fundo moja tu. Sikujua kwamba ni rahisi hivyo.

Nikaamka. Kumekucha, na mke wangu Feza anafoka jikoni.

"Nani amekula kiporo?"

Sufuria ilikuwa tupu. Sahani ilikuwa imeoshwa na kufunikwa kifudifudi, kijiko kimelazwa juu yake, mpini ukielekea mlangoni, vile tulivyopanga vyombo kambini asubuhi ya ukaguzi. Feza hajawahi kukanyaga kambi.

Sumaili tulimpiga risasi miaka ishirini na minane iliyopita. Nilikuwa wa tatu kutoka kulia, na bunduki yangu haikusema neno.

"Baba, nakuuliza, nani amekula?"

"Rafiki yangu," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Leo songa ugali mkubwa kidogo. Na umbakizie mboga."