Dawa ya Kuibwa

Mama mkwe wangu Velika aliuawa na adabu yangu. Kijijini wanasema ni kidonda, daktari anasema sumu iliingia kwenye damu, na wote wamesema kweli. Lakini hawakuwa nasi jikoni.

Kilianza kitu kidogo tu. Mwishoni mwa Septemba alikanyaga jino la reki akichimba viazi. Akalisafisha jeraha kwa rakia, pombe yetu kali ya matunda, akafunga kitambaa, akarudi kwenye viazi vyake. Wiki ya pili mguu ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Nikamwambia, "Mama, twende hospitali." Akasema, "Nina kazi." Kazi gani, jamani, bibi wa miaka sabini na tisa aliyekaa kwenye kigoda, mguu ameuegesha juu ya ndoo?

Velika alikuwa na marhamu yake. Mtu akijikata na mundu, jipu likimtoka pabaya, kidole kikianza kutunga usaha, alipanda mlima kuja kwetu. Vilivyomo wengi walivijua nusu nusu: nta, utomvu wa msonobari, mafuta ya kondoo, kitunguu, na yale maua ya manjano yanayoacha wekundu vidoleni. Vipimo, kipi kinatangulia kipi, na maneno ya kuinong'oneza sufuria, alivijua yeye peke yake. Safari hii alijipaka mwenyewe asubuhi na jioni, na mguu haukusikia.

Kila alipotaka kupika aliniita. "We mkamwana! Njoo unishikie mwiko." Nikifika, anaanza kusema na sufuria kwa sauti utadhani sufuria ni kiziwi. Mimi natoka kule tambarare, na kwetu siri ya mtu haiguswi. Basi nakohoa, nasema, "Samahani, mama," natoka, nafunga mlango. Huko nyuma namsikia anaigonga sufuria kwa mwiko, ko! ko! ko! Nikajua hanipendi. Miaka kumi na tisa nimeishi nikijua hanipendi.

Wiki ile ya mguu aliniita mara tatu kwa siku moja.

"Kaa hapa," akaniambia.

"Mama, sitaki kukuchungulia."

"Nichungulie basi! Kwani nitapungua?"

Nikacheka, nikatoka. Nilidhani ananitania. Loo, ningejipiga makofi.

Kesho yake alikuja jirani yetu Donka kuazima vifuniko vya chupa, maana ulikuwa msimu wa kusindika pilipili. Nikamlilia shida zangu: bibi mbishi, hospitali hataki, mguu umeanza kunuka, na mwanawe Kostadin, mume wangu, yuko Ujerumani anaendesha lori, na akimpigia mama yake simu anafokewa kama mtoto. Donka akaweka vifuniko mezani.

"Snezha, hivi wewe ni mjinga au unajifanya?"

"Nimefanya nini tena?"

"Ile marhamu haifundishwi. Ukifundishwa, imekufa. Huibwa! Velika alimwibia mama mkwe wake, na yule naye alimwibia wake. Anakungoja wewe, mwanamke! Atakubali vipi kwenda hospitali, afie huko nayo kichwani?"

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilijua uliiba zamani! Na mwizi hasemi. Ukikiri kabla mwenyewe hajazikwa, basi, imekwisha hiyo, haiponyi hata mkwaruzo. Hata akikuuliza yeye mwenyewe, kanusha."

Sikumsindikiza hata mlangoni. Nilipaza sauti, "Mama, naenda kwa Donka, nitachelewa!" nikabamiza geti, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikavua viatu, nikaingia kupitia ghala, nikajibana nyuma ya rundo la kuni karibu na jiko. Mimi, ambaye sijawahi kuokota hata tufaha la jirani!

Velika akajikokota mpaka jikoni, akishika meza, akishika kiti, akiugulia. Akaweka sufuria motoni. Alisema kwa sauti ileile kubwa. Sijui ni kwa mazoea au alikuwa bado ana matumaini, kwa sababu jikoni hakumwona mtu. Nilishika kila kitu, na maneno nayo nikayashika yote, maana ni machache na yanarudiwa. Alipomaliza kukoroga, mwiko ukamwanguka. Nikachungulia, nikamkuta anatetemeka meno yanagongana, midomo imekuwa ya buluu.

Sikumwomba ruhusa tena. Mume wa Donka alileta gari, tukambeba. Njia nzima alikuwa anasukuma mikono yangu. "Bado! Sijamaliza, nawaambia!"

Hospitali ya mjini walimtundikia dripu. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, akanivuta pembeni. "Amechelewa. Kesho asubuhi tunakata chini ya goti. Akibaki hapa ana nafasi kidogo. Akitoka, hamalizi kesho."

Nikarudi kukaa naye. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, macho yamemtulia. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Leo, pale jikoni," akasema taratibu, "ulisikia chochote?"

Nilitamani kumwangukia kifuani. Nikakumbuka Donka.

"Sikusikia kitu, mama."

Na akaniamini! Hilo ndilo linalonitafuna. Mwizi mwingine angekana, na bibi angecheka moyoni akajua mambo yamekwenda. Lakini mimi miaka kumi na tisa sikuwahi kumdanganya, hata maharage yake yakizidi chumvi nilikuwa namwambia. Basi alinitazama vile, kisha akashika ule mrija wa dripu akauchomoa. Damu ikaruka kwenye shuka.

"Nirudisheni nyumbani."

"Mama!"

"Nyumbani, nimesema! Kazi yangu haijaisha. Kesho napika tena, na utakaa hapo, hata nikufunge kamba!"

Alishakanyaga sakafu kwa mguu mzima. Nikamkumbatia, akanipiga begani kwa ngumi. Nikaita nesi, nesi hakuja. Nikaona nikinyamaza anaondoka, na akiondoka nitamzika. Nikaweka mdomo wangu sikioni mwake.

"Nta kiganja kimoja," nikamwambia. "Utomvu uliokusanywa kabla ya mvua. Mafuta ya kondoo nusu ya nta. Kitunguu kichomwe kwenye majivu, si kwenye moto. Maua mwisho, sufuria ikishashuka." Kisha nikamwambia na yale maneno, yote, mpaka la mwisho.

Akaacha kupigana.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kuni."

"Na viatu?"

"Nilivua."

Akatabasamu. Nilimwona kwa macho yangu, alitabasamu kabisa. Halafu akakumbuka, na uso ukamwanguka.

"Sasa mbona umesema, mpumbavu wewe?"

"Ungeondoka, mama. Ungekufa."

"Si ningekufa tu! Kwani nani alikuambia nataka kuishi? Akina mama wangapi walioishika ile, na wewe umeimaliza kwa mdomo!"

Akalala, akanigeuzia kisogo. Nesi alipofika, mama alimnyooshea mkono bila ubishi. Asubuhi walimkata mguu, akazinduka, nikamnywesha maji kwa kijiko. Akameza, lakini hakusema nami neno. Siku ya pili, mchana, yule nesi akamwuliza wakati anambadilishia dawa, "Bibi, huyu hatoki hapa. Ni nani wako?"

"Binti yangu," akasema, macho dirishani. "Hana akili, lakini ni wangu." Kisha akasema anatamani maziwa ya mgando.

Nilikimbia dukani. Niliporudi walikuwa wameshamfunika uso.

Watu bado wanapanda mlima na vidole vyao vilivyovimba. Nawatuma zahanati. Donka ananiambia, "Ipike tu, nani atajua?" Naweza kuipika nikiwa nimefumba macho, na siipiki. Niliitoa dawa ya watu wengi nikapata siku mbili za mama mkwe wangu, na katika hizo mbili, moja na nusu alininunia.