Kesi ya Mwisho ya Mzee Koti

Baba mkwe wangu hapendi kitabu kiishe upesi, na mimi sipendi kukatizwa nikisoma. Kwa hiyo maelewano yetu yalikuwa ya kugombana.

"Rudia hapo kwenye mlango," alikuwa akisema. "Kufuli ya namna hiyo haifunguki kwa waya."

"Baba, wameshaingia ndani, na mtu ameshakufa."

"Wameingiaje? Mwandishi huyu hajawahi kushika kufuli."

Kila Jumamosi, nikishafunga duka la mapazia ninakoshona, nilikwenda kwake, nikachemsha chai, nikaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha na kumsomea riwaya za upelelezi za kule kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako jua likizama husahau kurudi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kimetafsiriwa kutoka lugha ya kwao. Nilipitisha macho kwenye sentensi kimyakimya, kisha nikaitoa kwa Kiswahili. Baba alisema anapata mauaji ya mkono wa tatu, lakini bado yana moto.

Majina ya kule yalitushinda tangu mwanzo. Mpelelezi mkuu tulimwita Mzee Koti, kwa kuwa hakulivua koti lake hata mezani. Bosi wake alikuwa Bibi Faili. Daktari wa kupasua maiti alibaki Daktari tu, na Baba alimshuku katika kila kitabu. "Mtu aliyezoea maiti kiasi hicho," alisema, "haoni taabu kuongeza mwingine."

Tulikuwa na utaratibu wetu. Maiti akishapatikana tu, kitabu kinafungwa na kila mmoja anataja muuaji wake. Atakayekosea ataosha vyombo. Tukikosea wote, na hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yetu, mimi naosha na yeye anafuta, akizungusha kikombe mkononi mpaka aridhike.

Aliyeyaanzisha haya ni marehemu mume wangu. Baba alikuwa fundi kufuli, na mtaa mzima ulimwita Funguo, mpaka presha ya macho ilipomwachia mwanga kidogo na vivuli. Mwanawe, naye alikuwa wa pekee, akanunua kitabu cha kwanza kwa muuza vitabu vya mitumba, akawa anamsomea. Walikuwa katikati ya cha tatu pale ugonjwa ulipomchukua ghafla, bila hata kumpa nafasi ya kuaga. Msiba ulipotulia nilikwenda kumjulia hali mzee, nikamkuta amekipakata kile kitabu. Tukasalimiana, nikaketi. Mwishowe akaniuliza kwa aibu, "Hivi yule mwenye duka la maua alikuwa na hatia?"

Nikasema sijui, tuangalie. Leo hii sikumbuki kama alikuwa nayo. Nakumbuka tulicheka siku ile, kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Kitabu cha kumi kiliandikwa kwenye jalada kwamba ndicho cha mwisho. Nilipomwambia, alikichukua akakipima uzito kwa kiganja.

"Chembamba," alisema, akinilaumu mimi.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Kulikuwa na fundi wa mafriji. Alikuja dukani kutengeneza friji ya maji ya kunywa, akarudi kuikagua, kisha akarudi tena friji ikiwa nzima kabisa, na hapo hata mkuu wetu wa duka akaanza kutabasamu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi kwa fundi, na akianza kueleza jambo halimaliziki. Alitaka tuoane. Nilitaka pia, tena sana, na sikuona haya kulikiri hilo kwake.

Kilichonizuia ni Baba. Baba mkwe huwa baba yako kwa njia ya mume. Ukiolewa na mwingine unapata baba mkwe mwingine, na huyu wa kwanza anakuwa nani? Nimelitafuta neno lake sijalipata. Aliyenizaa sikumjua. Aliyeniozesha ni mjomba, ambaye siku yenyewe alikuwa anatazama saa. Katika maisha yangu nimemwita mtu mmoja tu Baba akaitika, na ndiye huyu mzee mbishi asiyeona. Niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa kubaki peke yangu. Basi nikaweka nadhiri kwamba siku tutakayofika ukurasa wa mwisho nitamwambia. Kitabu kilikuwa bado kibichi, na woga hupenda tarehe za mbali.

Maiti wa safari hii alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha samaki, na walimkuta ndani ya chumba cha kugandishia, katikati ya masanduku. Daktari akasema amekufa Jumapili. Jumapili watu wote wenye chuki naye walikuwa mbali, kila mmoja na shahidi wake. Mzee Koti akaingia mle ndani, na kwa mara ya kwanza koti lake likawa na kazi. Akagusa barafu iliyofunika masanduku, akaona ni ngumu na angavu kama kioo. Nikafunga kitabu.

"Daktari," Baba alisema palepale.

"Mlinzi," nikasema.

"Mlinzi? Katokea ukurasa mmoja tu, tena alikuwa anakula."

"Sikiliza, Baba. Chumba kikiganda siku zote bila kuzimwa, barafu yake inakuwa ya unga, nyeupe. Hii ni ya kioo. Maana yake iliyeyuka ikaganda upya. Mtu alizima mashine, akaiwasha baadaye, ili siku ya kufa isijulikane sawasawa. Na ufunguo wa swichi anao mlinzi."

Nilisema yote hayo kwa pumzi moja, nikajiona mjanja wa kupindukia. Baba alikuwa ameinua kikombe, akakiacha hewani.

"Nani kakufundisha barafu?"

"Fundi mmoja. Alikuja dukani kutengeneza friji ya maji."

"Na friji ya maji ina hadithi ndefu hivyo?"

"Anapenda kueleza."

"Aa," alisema Baba, akanywa chai yake. Hakuuliza tena, nami nikashukuru Mungu, nikaendelea kusoma.

Tangu siku ile mwendo wetu ukawa wa kinyonga. Mara kichwa kinamuuma, mara nirudie sura nzima kwa sababu alisinzia, ilhali nilimsikia akiguna kila penye kugunwa. Nikisoma kwa kasi ananiambia, "Taratibu, mama, kuna watu wanakufa humo." Jumamosi moja tulizungumza habari za bei ya vitasa mpaka jioni, kitabu kikiwa kimefungwa mapajani mwangu. Na mimi sikumsukuma. Nilirudi nyumbani nimejipatia wiki nyingine ya kuwa mtoto wake.

Fundi wa friji alikuwa mvumilivu. Alinipigia simu jioni akauliza, "Huyo Mzee Koti bado hajamkamata mtu?"

"Bado," nikasema.

"Basi nimwombee afya," akasema, wala hakuongeza neno.

Lakini kurasa zina mwisho, hata ukizila punje punje. Jumamosi iliyofuata, kabla ya adhuhuri kwa kuwa duka lilifungwa mapema, tuliifikia sura ya mwisho. Mlinzi alikuwa ameshakamatwa, nikiwa nimeshinda kwa mara ya kwanza tangu tuanze, na Baba hakubisha hata kidogo. Hiyo ingetosha kunishtua, kama ningekuwa na akili siku ile.

Kilichobaki kilikuwa Mzee Koti mwenyewe. Alirudisha kitambulisho na bunduki kwa Bibi Faili, akaendesha gari usiku kucha kwenye theluji mpaka kwa binti yake, ambaye hakuwa amesemezana naye kwa miaka. Akasimama mlangoni, akabisha. Akasikia nyayo zinakuja. Na hapo, chini kabisa ya ukurasa, hapakuwa na kitu tena.

Baba akasubiri.

"Enhe. Amefunguliwa?"

"Kitabu kimeisha, Baba."

"Kimeishaje na mtu yuko mlangoni?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Vitabu kumi nimemfuata mtu huyu kwenye baridi," alisema, na alikuwa amekasirika kwelikweli, "halafu wananiacha naye kizingitini. Hana adabu mwandishi huyu."

Nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, nayo yote yakanikimbia.

"Baba, nina jambo."

"Ngoja. Mimi sijataja." Akaelekeza kidole hewani, vilevile anavyofanya akimtaja muuaji. "Fundi wa friji."

"Muuaji ni mlinzi, Baba. Tumeshamaliza."

"Sizungumzii kitabu."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na ufagio wake niliusikia kana kwamba unapita masikioni mwangu.

"Mtu hakariri barafu ya mwenzake namna ile," akasema, "isipokuwa anamsikiliza kwa moyo. Na sasa unakuja hapa unanukia vizuri, ukifika mwisho wa sura sauti inakwama. Macho ndiyo yameharibika, mama. Masikio bado yanafanya kazi."

"Mbona hukuniambia kama unajua?"

Alipapasa meza, akakipata kikombe, nacho kilikuwa kitupu.

"Nilijua ukimaliza kusoma utaniaga," alisema. "Nikawa naumwa kichwa."

Hapo nililia. Nililia vibaya, bila staha, kamasi na yote, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nikamwambia sikutaka kuagana naye, na kwamba nilichoogopa ni kwamba nikiolewa kwingine sitakuwa na haki ya kumwita Baba tena, nitakuwa mgeni anayekuja na matunda siku za sikukuu. Yeye akaniacha nilie. Aliponisikia natafuta kitambaa akanisogezea kile cha kufutia vyombo.

"Ana adabu?" aliuliza.

"Anayo."

"Anakunywa?"

"Chai."

"Anajua ulikuwa mke wa mwanangu?"

"Anajua. Huniuliza habari zake. Akimtaja humwita kaka."

Baba akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole. Akafunika mdomo kwa kiganja kama mtu anayepangusa ndevu.

"Na amepanga kwenda kukuposa kwa nani?"

Mjomba alihama kitambo, na namba yake ya simu sasa anapokea mtu mwingine. "Tulifikiri tutakwenda wawili tu," nikasema, "tuandikishe."

"Kama mnaandikisha baiskeli."

Akainuka. Akavuta shati lake likakaa sawa, akashika mgongo wa kiti na kusimama wima, kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akisimama tangu siku ya mazishi.

"Mwambie aje Jumamosi," alisema. "Aje na wazee wake, wavae vizuri, wapige hodi kama watu. Safari ya kwanza nitawakatalia, wasije wakadhani wewe huna kwenu. Wakirudi nitawauliza maswali yangu, na huyo fundi anijibu kwa kifupi. Na wewe siku hiyo usikae na wageni. Utakuwa huku ndani, kwangu. Anayekuozesha ni mimi."