Mshika Kamba wa Mzee Fuko

Vifaa vya kuchimba kisima kwa mikono ni vichache, na Mzee Fuko alivijua kama mtu anavyoyajua meno yake. Sururu yenye mpini uliokatwa ukabaki na urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole, maana ndani ya shimo hakuna nafasi ya mbwembwe. Koleo fupi. Mtaimbo wa kuvunjia mawe. Ndoo ya chuma. Kamba mbili za katani, moja ya ndoo na moja ya kiunoni, na kapi, lile gurudumu dogo linaloning'inia kwenye magogo matatu juu ya shimo. Na kibatari cha kutangulizwa chini kila asubuhi. Kikizimika, hewa ni mbaya, rudi nyumbani ukanywe chai.

Lakini kilikuwapo kifaa kingine ambacho hakiingii kwenye gunia, nacho ni sauti ya mtu aliye juu.

Hewa mbaya haipigi hodi. Kibatari kinaweza kupita salama saa mbili, hewa ikaingia saa nne, na anayelewa nayo hajui kama analewa. Hujiona amechoka tu, akasema ngoja nikae kidogo, basi, ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo mshika kamba husema kutwa nzima, neno lolote linalomjia, na aliye chini humwitikia. Itikio likichelewa, kamba inavutwa.

Miaka ishirini na saba sauti hiyo ilikuwa ya mkewe. Mwanamke yule alipewa mdomo, na akapewa na kazi ya kuutumia. Alikaa ukingoni akimwaga habari shimoni: nani kaposwa, nani kaachwa, nani kanunua viatu vinavyombana na anajikaza kisabuni. Mzee Fuko alijibu kutoka chini: "Eeh." "Kumbe!" "Acha wewe!" Watu waliwatania wakipita. "Fuko, mkeo anakuzika kila asubuhi na kukufufua kila jioni, na bado unamnunia!"

Mwaka uliopita mkewe aliugua wiki mbili, akaondoka. Baada ya matanga, nyumba ilipobaki na wenyewe, Mzee Fuko akagundua kwamba katika miaka yote ile yeye alikuwa amejifunza kuitikia tu. Kuanzisha maneno hakujua.

Nyumbani alibaki na mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, na mjukuu wa kike ambaye mzee alimwita Mchumba. Mwanawe alikwenda kutafuta kazi mbali wakati Mchumba yungali tumboni, na hajarudi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, na kati ya mzee na mkwewe yalipita maneno yale yale kila siku. Shikamoo baba. Marahaba mama. Maji ya kuoga tayari. Ahsante. Kila Ijumaa jioni binti yule alisimama uani, mtoto kiunoni, akapiga simu isiyopokelewa. Kisha akaingia ndani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mzee Fuko alijua kwa nini haipokelewi. Miezi mitano nyuma, dereva mmoja wa lori alimkuta dukani akinunua kamba, akamvuta pembeni. "Mzee wangu, mwanao ana nyumba nyingine kule, na mke mwingine. Kasema umwambie huyu asimngoje." Mzee akaibeba kamba hadi nyumbani, na yale maneno akayabeba vilevile, ila kamba aliitua.

Akisema, binti atafunga mizigo. Mtoto naye atakwenda, na ile nyumba itabaki na saa ya ukutani. Kwa hiyo akanyamaza, mwezi mmoja, wa pili, hadi kunyamaza kukawa na mizizi.

Basi ikaja kazi. Muuguzi wa zahanati alitaka kisima nyuma ya wodi ya wazazi. Msaidizi wa kwanza aliyeshika kamba alikuwa mtu wa kusinzia. Wa pili alileta redio, akaiweka ukingoni, yeye akaenda kivulini. Mzee alipanda kwa vile vishimo vya miguu alivyochonga ukutani, akatokeza kichwa, akamkuta amelala chali.

"Si unataka sauti, mzee? Hiyo haichoki, ina betri mpya."

"Redio inasema," akajibu Mzee Fuko, "lakini haisikii. Chukua redio yako uende."

Jioni hiyo mkwewe alimwekea chakula, akabaki amesimama. "Baba, mimi naweza kushika kamba."

"Wewe?"

"Mikono ninayo."

"Si mikono, mwanangu. Kuna kusema."

Binti akatazama chini. "Nitajaribu."

Siku ya kwanza alimlaza Mchumba kwenye beseni kubwa lililotandikwa kanga, kivulini karibu na ukuta, akazungusha kamba ya kiunoni mara mbili kwenye kigingi kama alivyoelekezwa, akakaa. Mzee akashuka.

"Sema!"

"Niseme nini, baba?"

"Chochote."

Kimya. Kisha: "Ndege kapita."

"Eeh."

"Kaenda."

"Eeh."

Kimya tena, kirefu zaidi. "Saruji. Kilo hamsini. Hifadhi mahali pakavu."

"Unasoma gunia?"

"Ndiyo, baba."

"Soma na la pili."

"Ni lile lile, baba."

Chini mle Mzee Fuko alicheka hadi sururu ikamponyoka, na kicheko kikapanda juu kama kimetoka kwenye mtungi. Binti aliyekuwa hajawahi kumsikia akicheka alichungulia kuhakikisha ni yeye.

Tangu hapo maneno yakaanza kutoka, kwanza kwa matone. Alimsimulia mshona nguo wa jirani aliyemshonea mteja mikono miwili ya kushoto, kisha akamwambia mteja ajitahidi kuizoea. Alimsimulia Mchumba alivyojishikiza kwenye stuli akasimama, akajipigia makofi, akaanguka kwa sababu ya hayo makofi. Shimo likafika mita nne, likafika sita. Kadiri mzee alivyozidi kuzama ndivyo na maneno yalivyotoka mbali zaidi ndani ya binti, labda kwa kuwa hawakuonana nyuso. Jioni, nyumbani, walirudia shikamoo na ahsante, kama watu waliopishana njiani.

"Baba, unajua hapa hakuna anayejua jina langu?" alisema siku moja. "Sokoni ni mke wa fulani. Zahanati ni mama wa fulani. Huyo fulani wa kwanza mwenyewe hayupo. Wakati mwingine najiita mwenyewe, polepole, nisije nikasahau kuitika."

"Kumbe," akasema mzee. Neno lilikuwa dogo, na alijua ni dogo.

Shimo lilipofika mita nane, udongo ulianza kuwa na ubaridi. Asubuhi hiyo kibatari kilishuka na kupanda kikiwaka vizuri. Mzee akajaza ndoo mbili, ya tatu ikiwa nusu, na juu binti akasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa usiku kucha:

"Baba, nataka kukuuliza kitu. Unijibu tu. Nimemngoja mwanao mwaka na nusu. Mama yangu anasema nirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi sijui. Wewe ndiye unayemjua, wewe umemzaa. Ukiniambia atarudi, nitangoja. Je, atarudi?"

Sururu ikasimama hewani.

Neno moja tu lingetosha. Angesema ndiyo, angebaki na binti mwaka mwingine, na Mchumba angetembea katika ukumbi ule. Ndiyo ikafika kooni ikakwama. Hapana nayo ikaja nyuma yake ikakwama hapo hapo. Mzee Fuko akaegemea ukuta wa udongo, machozi yakimtoka, akaishusha sururu polepole, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaacha kuitika.

"Baba?"

Hakujibu.

"Baba! Sema kitu! Baba!"

Akafungua mdomo, pumzi ikatoka tupu. Juu, binti akapiga yowe ambalo lilitoa watu wodini. Kamba ikamkaza mzee kiunoni, ikamnyanyua miguu, ikamshusha, ikamnyanyua tena. Akasikia miguu ya watu, akasikia mlinzi wa zahanati akisema "vuta, vuta, vuta!", na akapandishwa akijigonga huku na huku kama gunia la viazi hadi akamwagwa juani.

Muuguzi akamfunua jicho, akamshika mapigo ya moyo. "Mbona mzima huyu?"

"Alikuwa kalala," akasema mlinzi, akihema. "Mzee, ukitaka kulala sema, tukushushie na mto!"

Watu wakacheka kicheko cha waliokuwa wameogopa. Muuguzi hakucheka. "Kwa nini hukujibu?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Fikiria ukiwa huku juu. Ukiwa chini, jibu. Mtazame mtoto wa watu ulivyomfanya."

Mzee akamtazama. Binti alikuwa amekaa chini, viganja vyake ameviweka mapajani vikiangalia juu. Katani ilikuwa imevichuna toka kidole hadi kifundo cha mkono. Alimvuta peke yake kabla watu hawajafika, mita mbili nzima, mwanamke mwembamba vile.

Muuguzi akavisafisha viganja, akavifunga bendeji. Watu wakarudi kwenye shughuli zao. Mzee akasimama, akajifunga upya kamba kiunoni.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nimeacha sururu chini."

"Iache, utaichukua kesho."

"Kamba iache kwenye kigingi, usiishike. Nitashuka kwa vishimo vya miguu. Wewe kaa tu unisikie."

Alishuka haraka kuliko kawaida. Alipokanyaga udongo baridi hakuigusa sururu. Akatazama juu. Mbingu ilikuwa duara, si kubwa kuliko sinia, na kichwa cha binti ukingoni.

"Mwanangu," akasema. "Hatarudi. Ana nyumba nyingine na mke mwingine. Alinituma nikwambie usimngoje, na mimi sikukwambia."

Kichwa kikaondoka ukingoni.

Mzee Fuko akangoja. Alimsikia Mchumba akilia mahali, kisha akanyamaza. Udongo kidogo ukaporomoka, ukamwangukia begani. Alikuwa amechimba visima vingi maishani mwake lakini hajawahi kukaa chini ya kimojawapo bila sauti ya mtu juu. Angeweza kupanda, vishimo vilikuwa mbele yake. Hakupanda. Aliona ana haki ya kuachwa pale.

Sauti ilipokuja haikutoka ukingoni. Ilitoka pembeni kidogo, kwa mtu aliyekaa akilipa shimo mgongo.

"Tangu lini?"

"Mchumba alikuwa hajaanza kukaa."

"Sasa anasimama, baba. Anasimama!"

"Najua."

"Kila Ijumaa napiga ile simu, na wewe uko mlangoni unafunga kamba za viatu. Viatu gani hivyo, vya kufungwa nusu saa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Akatafuta neno. "Nyumba. Niliogopa nyumba ikinyamaza."

"Na mimi je? Mimi sikuwa nimo kwenye nyumba hiyo hiyo iliyonyamaza?"

"Eeh."

"Usiniambie eeh!"

Basi ikambidi aseme. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetoa mawe shimoni kwa mikono. "Ulikuwa umo. Nilikuona. Nilikuibia miezi mitano ya ujana wako, nami nilijua ninaiba. Rudi kwenu, mwanangu. Mizigo nitakubebea mwenyewe hadi stendi, na mtoto nitamuaga bila kulia mbele yake. Kosa ni la mwanangu na langu. Lako halipo."

Alimsikia akipenga kamasi.

"Nimekasirika, baba. Sana."

"Una haki."

"Naondoka mwisho wa mwezi."

"Sawa."

Upepo ukapita juu, kapi likalia kidogo. Mzee Fuko akainama akachota udongo, akaubonyeza kiganjani, kwa mazoea tu. Kisha akauliza, bila kujua kama ana ruhusa ya kuuliza:

"Huko kwenu maji mnachota wapi?"

"Mbali. Nusu saa kwenda. Kurudi zaidi, na mzigo kichwani."

"Na udongo wake ukoje?"

"Udongo?"

"Ukichimba. Unatoka wa namna gani?"

Binti akafikiri. "Baba yangu alichimba choo. Juu ulikuwa mwekundu, unabomoka. Halafu ukaja mweupe kama majivu, mgumu kama sahani. Akaacha hapo hapo."

"Alikuwa amefika wapi?"

"Kimo chake."

"Alikata tamaa mapema. Huo mweupe mara nyingi si mnene. Sururu inateleza, unataka mtaimbo, na subira." Akasita. "Nauliza tu."

"Huulizi tu."

Kichwa kikarudi ukingoni. Jua lilikuwa nyuma yake, hakumwona uso.

"Kisima hiki umalize kwanza," akasema binti. "Kisha uje. Ila usije mapema, utanikuta bado na hasira."

"Kitachukua wiki tatu."

"Kaa sita."

"Sita," akasema mzee, akajipangusa macho, akashukuru giza.

"Nani atakushikia kamba nikiondoka?"

"Mlinzi. Ana mikono."

"Mlinzi ana utani wa siku moja. Kesho yake ataishiwa maneno."

"Basi nitasema mimi."

"Wewe, baba?"

"Nitajifunza."

Binti hakucheka, lakini alikaa hapo ukingoni muda kidogo bila kuondoka. Kisha akasema, "Haya, panda. Mtoto ana njaa." Mzee Fuko akaichomeka sururu mkandani, akatafuta kwa mguu kishimo cha kwanza.